Stempu Yenye Bei Mbili: Maswali na Majibu

Babu ameniachia stempu ya Basutoland (Lesotho ya leo). Imechapwa 3d, yaani peni 3, lakini juu yake kuna 2½c, yaani senti 2½. Hilo si kosa la mtambo? (Msomaji wa Majengo, Moshi)

Si kosa. Tarehe 14 Februari 1961 Afrika Kusini iliacha pauni ikaingia kwenye randi, na Basutoland, Bechuanaland (Botswana ya leo) na Swaziland (Eswatini ya leo) zikafuata. Stempu za peni zilikuwa bado zipo stoo, basi zikapigwa bei mpya juu. Randi moja ilikuwa sawa na shilingi 10, yaani peni 120, kwa hiyo peni 3 zinatoa senti 2½ kamili. Peni moja ndiyo iliyosumbua: hesabu inatoa senti 0.83, wakaipiga 1c na mambo yakaisha. Ghana walijirahisishia mwaka 1965. Pesewa moja, sarafu yao mpya ndogo, ilikuwa peni moja, kwa hiyo stempu ya shilingi ikawa pesewa 12, na juu yake wakachapa hata tarehe ya sarafu mpya, 19 Julai.

Kwa nini Tanganyika huru haikuwa na stempu za namna hiyo? (Sakina, Arusha)

Hapakuwa na cha kubadilisha. Shilingi yetu ilikuwa na senti 100 tangu miaka ya 1920. Uingereza yenyewe ilisubiri hadi 1971 kuingia kwenye hesabu ya mia! Ukitaka badiliko la kwetu, rudi kwa Wajerumani. Rupia yao ilikuwa na sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa, na stempu zao za 1893 ni za Ujerumani zilizopigwa pesa juu: ya pfennig 3 (senti za Kijerumani) ikawa pesa 2. Baadaye rupia ikagawanywa kwa heller 100, na 1905 zikatoka stempu mpya za heller, zenye picha ya meli ya Kaisari. Ukiipata yenye muhuri wa MOSCHI, ndivyo Wajerumani walivyoandika Moshi, usiibandue kwenye bahasha yake. Nakuomba.

Nina mbili zilizoshikana, picha ya nyumbu, moja Kiingereza na nyingine Kiafrikaans, zimepigwa KENYA TANGANYIKA UGANDA na 70c. Jirani anasema ni za kubadilisha sarafu. (Usa River)

Jirani amekosea, ingawa nakubali zinafanana. Hizo ni za 1941 na 1942: vita vilifanya stempu ziadimike, zikachukuliwa za Afrika Kusini. Tazama hesabu yake. Shilingi ilikuwa senti 100, lakini hapa stempu ya shilingi imekuwa 70c. Ya peni 3, ambayo ingekuwa senti 25, ikapigwa 10c. Hapo hakuna aliyebadilisha sarafu. Posta ilijaza bei ilizozihitaji. Na mkasi uweke mbali: wakusanyaji wanazitaka zikiwa jozi.

Nitajuaje kama bei ya juu imeghushiwa? (Kaloleni, Arusha)

Kwa iliyotumika, chukua kioo cha kukuzia utazame pale wino wa muhuri unapokutana na tarakimu. Bei ilipigwa kabla stempu haijauzwa, kwa hiyo muhuri lazima ulale juu yake. Ukiona tarakimu imepanda juu ya muhuri, mrudishie mwenyewe. Isiyotumika ni ngumu zaidi. Linganisha umbo la tarakimu na uliyo na uhakika nayo, lakini polepole: Bechuanaland peke yake ilitumia zaidi ya umbo moja kwenye bei zilezile, kwa hiyo tofauti pekee si ushahidi wa wizi.

Naweza kuzisafisha kwa maji ya sabuni? (Marangu)

Hapana.