Kununua nguo za bei nafuu Kariakoo: kwa nini blauzi moja ina bei tatu

Dada yetu anayeishi Dodoma ameuliza maswali mawili. Ana shilingi 600,000 na anataka kushuka Dar es Salaam kununua nguo mpya za kike na za watoto, baadhi kwa ajili ya nyumbani kwake na nyingine za kuwauzia majirani na wafanyakazi wenzake, na anauliza aanzie wapi Kariakoo. Kisha anasema kwamba rafiki yake alinunua blauzi huko, akaikuta ileile, rangi na lebo hazikubadilika, kwa bei nyingine hatua chache mbele, na kwa bei ya tatu katika ghorofa la jengo la pili. Anauliza nani kati ya wale watatu alikuwa anamwibia. Mimi nina duka dogo la nguo Morogoro na mzigo wangu karibu wote hutoka Kariakoo, kwa hiyo nitajibu kwa ninayoyaona huko. Nitaanza na swali la pili, kwa sababu ukilielewa, la kwanza linakuwa jepesi.

Hakuna aliyemwibia. Bei ya nguo Kariakoo inategemea mahali ulipoikuta, idadi unayochukua na watu waliosimama kati yako na mwenye mzigo, wakati mwingine kuliko hata kitambaa chenyewe. Frem, yaani chumba cha duka, iliyoko chini ikitazama barabara, hasa katika Mtaa wa Congo au Msimbazi, ina kodi kubwa, na mara nyingi aliyeipata alitoa kilemba kizito, yaani fedha ya kuachiwa chumba, kabla hata hajaanza kulipa kodi hiyo. Fedha zote hizo lazima zirudi kupitia nguo unazoziona zimening'inizwa mlangoni. Mwenye frem ya ghorofa ya pili au ya tatu hana wapita njia. Anategemea wateja wanaomfahamu na wanaochukua nyingi kwa mpigo, hivyo faida yake katika kila nguo ni ndogo na anaitafuta kwenye wingi. Machinga aliyepanga nguo juu ya meza au turubai hana kodi ya frem, lakini mara nyingi amechukua dazani kwa huyohuyo wa ghorofani na anaiuza mojamoja. Blauzi ya rafiki yako ilikuwa imepita mikono tofauti kabla ya kumfikia, na kila mkono ulikuwa na gharama zake.

Kuna mkono wa nne ambao mgeni hauoni, nao ni wa winga. Winga hana duka wala mzigo. Anakudaka njiani, anakuita dada au mama kwa upole, anakuuliza unatafuta nini, kisha anakupeleka kwenye duka ambalo anaelewana nalo, au anakuomba usubiri anapokwenda kukuletea nguo uitazame. Bei utakayotajiwa ina cha juu chake ndani, yaani nyongeza anayojiwekea, na mwenye duka hapingi, kwa sababu mawinga humletea wateja kutwa. Sikubaliani na wanaowaita matapeli wote kwa jumla. Ukitafuta kitu adimu, kwa mfano kitambaa cha rangi moja maalumu kwa ajili ya sare ya kamati nzima ya harusi, winga mzoefu atakuokolea nusu siku ya kupanda na kushuka ngazi, na anastahili kulipwa. Lakini kwa mwenye 600,000 anayetaka kuuza tena, cha juu cha winga ndiyo faida yenyewe aliyoifuata. Njia rahisi ya kumtambua ni kumwomba akuonyeshe duka lake kabla hujamwambia unachotafuta. Akisisitiza kwamba umwambie kwanza unataka nini, umeshajua. Na wengi wanaotangaza nguo za Kariakoo kwa picha katika Instagram na WhatsApp ni mawinga pia, jambo ambalo si kosa, ila ujue unanunua kwa nani.

Sasa nije kwenye hesabu. Neno jumla Kariakoo halina kipimo kimoja. Nguo mpya nyingi huja zimefungwa kwa seti, yaani mfuko mmoja wenye saizi zinazofuatana, na bei ya jumla hutolewa kwa anayechukua seti nzima bila kuchambua. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba gauni la mtoto linauzwa 12,000 ukitaka moja. Ukichukua seti ya sita unaweza kutajiwa 9,000 kwa kila moja, na ukichukua dazani mbili au zaidi ukapewa kwa 8,000. Mtu huona punguzo hilo la mwisho akafurahi na kumwaga fedha zake zote kwenye gauni moja, akasahau kwamba seti inakuja na saizi ambazo hakuzichagua. Nguo nyingi kutoka China zina saizi ndogo kuliko lebo inavyosema, na kwa wanawake wengi wa huku kwetu, S na M ndizo zinazobaki dukani miezi na miezi. Ukihesabu bei ya seti, hesabu kana kwamba nguo moja au mbili ndani yake zitauzwa kwa bei ya kununulia, halafu uone kama faida bado ipo.

Kwa mtaji kama wako ningependelea vitu visivyo na saizi. Dera ni mfano mzuri kuliko yote: limeshonwa pana, linamtosha mwembamba na mnene, na katika dazani moja unaweza kuchanganya rangi bila muuzaji kununa. Khanga nayo haina saizi. Inauzwa kwa doti, vipande viwili ambavyo havijakatwa, na Mtaa wa Uhuru umejulikana kwa khanga na vitenge tangu zamani. Ukifika huko, uliza miundo iliyotoka karibuni, kwa maana mwanamke anayenunua khanga huitazama jina na muundo kabla ya bei, na doti ya zamani iliyokaa dukani utaiuza kwa shida hata kama uliipata kwa bei ya kutupa. Nguo za watoto ni biashara nzuri pia, kwa sababu mtoto anakua na mama anarudi, lakini chukua seti ndogo za miundo kadhaa badala ya dazani nyingi za muundo mmoja. Majirani wawili wa mtaa mmoja hawapendi watoto wao wafanane siku ya Idi.

Ipo njia nyingine ambayo kina mama wengi wa mikoani tunaitumia, nayo ni kuchangia dazani. Mnakwenda watatu au wanne, kila mmoja anauza mtaa wake au wilaya yake, mnachukua kwa bei ya wingi kisha mnagawana saizi na rangi palepale dukani. Muuzaji hajali mnagawanaje. Ila mgawane kabla ya kuondoka, mbele ya mzigo, kwa kuwa ugomvi wa nani alipewa rangi ya njano hauishi mkishafika nyumbani.

Kuhusu mahali pa kuanzia, kwanza jengo la Soko Kuu lenyewe si la nguo. Jengo lile lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021, lilikusudiwa kwa vyakula na pembejeo za kilimo, na wageni wengi hulizunguka wakitafuta magauni. Nguo ziko katika mitaa iliyolizunguka. Pita Mtaa wa Congo kwanza bila kununua kitu, mkoba ukiwa kifuani, kwa sababu vibaka wanaupenda msongamano ule kuliko wewe. Pale utaona miundo gani inatoka na bei za rejareja ni zipi. Halafu ingia kwenye majengo ya ghorofa ya jirani, upande ngazi, na uulize bei ya nguo ileile uliyoiona chini. Tofauti utakayoikuta ndiyo kipimo chako cha siku hiyo. Unapopanda, angalia pia ngazi za kutokea ziko wapi. Tangu ghorofa moja la Kariakoo lilipoporomoka Novemba 2024 na kuua watu, mimi siingii duka la chini ya ardhi ambalo lina mlango mmoja, hata bei iwe nzuri namna gani.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Ukisema «hii shilingi ngapi?» umejitambulisha kuwa mnunuzi wa moja. Anayechukua mzigo huuliza «jumla unatoaje?» na swali la pili huwa «seti ina ngapi na saizi zipi?» Usitaje bei yako mapema. Ukitajiwa bei, shika nguo, igeuze ndani nje, nyamaza kidogo, kisha uulize ya mwisho kwa dazani. Asubuhi mapema ni wakati mzuri, kwa sababu wauzaji wengi hawapendi mteja wa kwanza aondoke mikono mitupu na watalegeza ili wafungue biashara. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala, kwa hiyo usipange kumalizia saa hizo. Wiki ya mwisho ya Ramadhani na Desemba yote ni za kuuza, siyo za kununua. Bei inakuwa ngumu, na wafanyabiashara kutoka Lubumbashi, Lusaka na Comoro wanaochukua kwa marobota huwa wamejaa, na hapo dazani yako moja haimshughulishi mtu. Baada ya sikukuu, mwenye duka anataka kuondoa kilichobaki ili alete mzigo mpya, na huo ndio msimu wangu.

Usinunue kwa macho. Vuta mshono kwa vidole viwili na uone kama uzi unaachia. Tazama ndani kama ukingo umepigwa ovaloki au umeachwa uchi. Pandisha na kushusha zipu mara kadhaa, hasa ya gauni la mtoto. Kwa rangi, lowesha kona ya leso nyeupe na uisugue kwenye pindo la ndani. Muuzaji akikuambia kitambaa ni pamba tupu na bei ikafuata sifa hiyo, omba uzi mmoja uuchome nje: pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu, poliesta huyeyuka na kuganda kishanga kigumu. Na neno «Mturuki» lisikutishe. Ni kweli zipo nguo zinazotoka Istanbul na zimeshonwa vizuri kuliko nyingi za Guangzhou kule China, lakini siku hizi kila nguo nzito kidogo hubatizwa jina hilo. Tazama mshono na lebo, usisikilize uraia wake. Maduka mengi yana kibao kinachosema mali ikiuzwa hairudishwi, na wanamaanisha, hivyo fungua kila seti uhesabu vipande na saizi kabla ya kulipa.

Kulipa kwa lipa namba kunakupunguzia hofu ya kutembea na fedha taslimu, lakini soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha, na likiwa halifanani na la duka, uliza. Dai risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi. Utaambiwa bei ya bila risiti ni nafuu, na kwa nguo tano za kuvaa nyumbani unaweza kushawishika; kwa mzigo wa kuuza unaosafiri hadi Dodoma, ukisimamishwa na maofisa wa kodi bila karatasi, ule unafuu unakwisha papo hapo. Mvutano wa kodi kati ya wafanyabiashara na mamlaka ndio uliofunga maduka ya Kariakoo Mei 2023, na wapo waliotoka mikoani wakakuta milango imefungwa. Piga simu kwa mtu aliyeko huko kabla ya kukata tiketi.

Tangu treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa, ianze safari mwaka 2024, wewe wa Dodoma unaweza kwenda, kununua na kurudi bila kulala hoteli, na hiyo ni akiba kubwa kwa mtaji mdogo. Mzigo mkubwa mimi huutuma kwa basi. Jambo moja niliiga kwa wafanyabiashara wa Kikongo: andika jina na namba yako ya simu kwa kalamu nene pande zote za robota, lipige picha likiwa wazi na likiwa limefungwa, na usilikabidhi bila stakabadhi inayotaja idadi. Mkokoteni au guta (chombo cha magurudumu matatu cha kubebea mizigo) la kukutoa dukani, patana bei kabla mzigo haujapakiwa.

Mitumba sijaigusa kwa sababu umeuliza nguo mpya, na soko la mitumba la Karume pale Ilala lina sheria zake.

Kwa 600,000 yako, ningetenga kwanza nauli, chakula na usafiri wa mzigo, kisha ningeweka karibu nusu ya kilichobaki kwenye madera na khanga, sehemu inayofuata kwenye seti ndogo za nguo za watoto, na blauzi ningechukua seti moja tu ya kujaribu soko la ofisini kwako. Chukua kadi za maduka mawili au matatu ya ghorofani yaliyokuhudumia vizuri. Safari inayofuata unaweza kuagiza kwa simu, mradi uagize nguo ulizokwisha kuzishika kwa mkono, uanze na seti moja, na umwombe muuzaji akutumie video ya nguo zikihesabiwa na kufungwa kabla hujatuma fedha.