Pima kompresheni kabla hujataja bei ya gari

Mnunuzi wa gari hapa Mombasa haji peke yake. Huja na fundi wake, na fundi huyo hakuitwa aje kulisifu gari lako. Atafungua boneti, ainamishe kichwa asikilize, achomoe kijiti cha oili, afungue kifuniko cha oili aone kama kuna moshi unaopumua. Kisha atamgeukia tajiri wake aseme, "Injini hii imechoka, bosi." Hapo bei imeshaanza kushuka, nawe huna jibu ila "wallahi gari zima hili". Kwa fundi, kiapo si jibu.

Ndiyo maana siku hizi siuzi gari, wala simsaidii jamaa yangu kuuza lake, kabla kila silinda haijawekwa geji ya kompresheni, yaani kipimo cha presha ambayo pistoni huijenga inapokandamiza hewa ndani ya silinda. Ni kazi ya muda mfupi, na gereji yoyote ya maana kuanzia Magongo hadi Bamburi inaiweza. Ila simama hapo hapo utazame, kwani wapo mafundi wanaokisia.

Injini ipashwe moto kwanza, kisha iachwe ipoe kidogo. Hedi, yaani kipande cha juu cha injini ambamo plagi hufungwa, mara nyingi ni ya aluminiamu, na kuchomoa plagi ikiwa inaunguza ni njia rahisi ya kuharibu nyuzi za skrubu kwenye mashimo yake. Kabla ya kuchomoa, mashimo ya plagi yapulizwe kwa upepo, la sivyo mchanga wote utaingia ndani. Plagi zote zitoke, si moja moja. Koili zinazozipa plagi umeme zichomolewe na fyuzi ya mafuta itolewe, ili petroli isimwagike ndani. Betri iwe imejaa, maana stata ikizunguka kivivu geji itasoma chini na injini itasingiziwa. Geji ifungwe kwenye shimo la plagi, mtu akanyage mafuta mpaka mwisho, apige stata mpaka mshale wa geji uache kupanda. Andika, hamia silinda inayofuata. Geji ya kufunga kwa nyuzi ni bora kuliko ile ya kushikiliwa kwa mkono na mpira wake.

Injini nyingi za petroli zilizo nzima husoma kati ya 150 na 200 psi (pauni kwa kila inchi ya mraba), na kila moja ina kiwango chake kwenye kitabu cha kiwanda. Lakini mimi hutazama zaidi tofauti kuliko namba yenyewe. Silinda nne zenye 155 kila moja zinanipa raha kuliko tatu zenye 190 na moja yenye 140. Pengo kati ya ya juu na ya chini likipita asilimia 15, kuna jambo. Dizeli ni habari nyingine: presha yake ni kubwa, mara nyingi zaidi ya 350, na ina geji yake. Fundi akikuletea geji ya petroli kwa dizeli, mshukuru uondoke.

Silinda ikisoma chini, mimina kijiko kidogo cha oili ya injini kupitia shimo la plagi, kisha upime tena. Namba ikipanda sana, ringi zinazoizunguka pistoni zimelika, kwa kuwa ile oili imeziba mwanya kwa muda. Isipopanda, tazama valvu au gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloki ya injini. (Kumbe hila ya muuzaji mjanja nayo ni hiyo hiyo: anamwaga oili kabla mnunuzi hajafika. Ukiwa mnunuzi, taka plagi zitolewe mbele yako na uzitazame kama zimelowa.)

Shemeji yangu wa Mikindani alitaka kuuza Toyota Fielder yake. Ilikuwa ikitetemeka kwenye foleni ya feri ya Likoni, na alikuwa ameshabadilisha plagi, koili na mipira ya kushikia injini, kila fundi na lake. Tulipoweka geji, silinda ya kwanza 180, ya pili 95, ya tatu 100, ya nne 178. Oili haikubadilisha kitu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, mara nyingi gasketi ya hedi imetoboka kati yao, na presha ya hii inavujia kwa jirani yake.

Hedi ilipofunguliwa, njia za maji zilikuwa zimeliwa vibaya. Rejeta ilikuwa ikijazwa maji ya kisima, na visima vingi vya huku vina chumvi. Chumvi inaitafuna aluminiamu polepole, njia zinaziba kutu, injini inachemka, gasketi inakufa. Juu ya hapo thamostati ilikuwa imetolewa, eti kwa sababu Mombasa ni joto. Joto la mji si sababu: thamostati ndiyo inayoifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuiweka hapo, na bila hiyo injini hunywa mafuta zaidi. Ukinunua gari ambalo limekaa pwani, fungua rejeta asubuhi injini ikiwa baridi. Maji ya rangi ya chai yatakupa habari nyingi kabla ya geji.

Swali linalofuata ni kama utengeneze au uuze hivyo hivyo. Kwa gasketi nilimshauri shemeji atengeneze: uso wa hedi ulisawazishwa kwa mashine, gasketi mpya ikawekwa, na gari linalotetemeka likawa gari la kawaida. Risiti zilimsaidia kuliko maneno yake. Lakini ringi zikiwa zimelika, sishauri mtu afungue injini nzima kwa ajili ya kuuza. Hutazirudisha pesa hizo. Sema ukweli, punguza bei, mwache mnunuzi aamue kama atatengeneza au atatafuta injini iliyotumika. Wapo wanaolitaka gari la namna hiyo kwa sababu ya bodi na logibuku (hati ya umiliki) safi.

Geji nayo isikudanganye kwamba imemaliza kila kitu. Ringi za oili, zile zinazofuta oili kwenye kuta za silinda, zinaweza kuchoka huku kompresheni ikiwa nzuri, na gari likawa linakula oili kimya kimya. Kaboni iliyojazana juu ya pistoni nayo hupandisha namba ikaonekana kama afya. Kwa hiyo angalia kijiti cha oili leo na baada ya kuliendesha siku kadhaa, na mtu akae nyuma ya gari atazame kama moshi ni wa bluu.

Majibu yaandikwe kwenye karatasi: tarehe, kilomita, injini ilikuwa na joto, silinda zimehesabiwa kuanzia upande gani. Andika pia kwamba imepimwa Mombasa. Hili wengi hawalijui. Sisi tuko usawa wa bahari, Nairobi iko mita 1,700 hivi juu, na hewa ya huko ni nyepesi, hivyo injini ile ile itasoma pungufu kwa karibu asilimia 15 hadi 20. Uliyemuuzia gari lenye 180 akilipima huko Nairobi atapata 150 hivi na atakupigia simu kwa ukali. Mweleze kabla hajapita nalo Mariakani, njiani kwenda Nairobi.