Nyungunyungu chini ya meza ya jikoni

Nafuga nyungunyungu kwenye ndoo ili wageuze mabaki ya jikoni kuwa mboji, na kuku wa jirani ndio walionifanya niwaingize ndani. Ndoo yangu ya kwanza niliiweka uani, hapa Ngamiani, Tanga, ua tunaotumia kaya nne. Nikaona jiwe juu ya mfuniko linatosha. Siku ya tatu asubuhi nikakuta ndoo imelala ubavu na kuku wamejikusanya, wanafukua kama walioalikwa karamu. Nikahamia jikoni, chini ya meza.

Mume wangu aliuliza tu, "Minyoo? Ndani?" Nikamwambia si minyoo ya tumbo, ni nyungunyungu. Akanyamaza, kunyamaza kwa mtu anayengoja ushahidi. Usiku uleule akaupata: alikwenda kunywa maji pekupeku, akawakanyaga. Wakihamishiwa makao mapya huzurura siku mbili tatu za mwanzo. Dawa ni kuwaachia taa inawaka juu ya ndoo, kwani wanaukimbia mwanga, watajichimbia chini wenyewe. Laiti ningejua mapema.

Ukitaka kuanza, usichimbe nyungunyungu shambani. Nilijaribu. Wale wamezoea udongo wa chini, ndani ya ndoo hawakai. Wanaofaa ni wale wanaoishi juu, kwenye samadi na majani yanayooza. Wapo wekundu wanaofugwa sana Ulaya, Eisenia fetida, hao hupenda joto la nyuzi 15 hadi 25. Kwa Tanga ya Februari hiyo ni friji. Wapo pia wanene zaidi wenye asili ya Afrika Magharibi, Eudrilus eugeniae, wanaostahimili joto letu vizuri zaidi. Mtu wa pwani atafute hao. Wangu nilipewa na mfugaji njia ya Pongwe, kwenye mfuko wa samadi ya ng'ombe iliyokwisha poa.

Sasa chakula, na hapa ndipo jiko la Kitanga lilipoponza wenzangu wale. Maelekezo yote yanasema wape maganda ya matunda. Sawa, lakini sisi msimu ukifika machungwa ya Muheza yanajaa nyumba nzima, na mimi nikawamwagia maganda ya wiki mbili. Yana asidi, na yale mafuta ya ganda yanawachoma, kwani nyungunyungu hupumua kwa ngozi. Wakajibana pembeni wote. Siku hizi ganda la chungwa haliingii kabisa, la ndimu ndiyo usiseme.

Machicha ya nazi nayo ni mtego. Yanaonekana laini, yameshakunwa na kukamuliwa, utadhani umewaandalia uji. Nilimwaga bakuli zima, kesho yake nikatia mkono ndani: moto! Yalikuwa yanachacha na kupandisha joto, na sisimizi wameshajipanga mstari kutoka dirishani. Ukitaka kuyatoa, yawe kiganja kimoja, uyafukie. Wali wa jana wenye chumvi, mchuzi, matumbo ya samaki: hapana, hapana, hapana. Wanachokipenda kwangu ni majani ya chai yaliyopoa, maganda ya ndizi yaliyokatwakatwa, mabua ya mchicha, na maganda ya mayai yaliyotwangwa hadi yakawa unga.

Matandiko nayo, yaani wanachokilalia ndani ya ndoo. Makumbi ya nazi ni mazuri sana, yanashika unyevu bila kugandamana. Ila uliza yametoka wapi. Yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamekunywa maji ya bahari, na chumvi inawaua. Mimi niliyaloweka maji baridi, nikayamwaga, nikaloweka tena, mara tatu. Huchanganya na maboksi yaliyochanwa. Unyevu uwe kama dodoki ulilokwisha kulikamua: ukiminya kiganjani litoke tone moja au mawili, basi.

Kulisha kupita kiasi ndiko kunakoua ndoo nyingi. Utasoma kwamba wanakula nusu ya uzito wao kwa siku. Labda wakishazoea. Mwezi wa kwanza toa konzi moja mara mbili kwa wiki, na kama cha juzi bado kipo, usiongeze. Kile kisicholiwa kinaoza, kinanuka yai viza, kisha visubi wanazaliana mpaka mgeni anawapunga usoni huku anajifanya hawaoni. Visubi niliwashinda kwa kuzika chakula na kufunika juu kwa karatasi kavu. Sisimizi niliwazuia kwa kusimamisha ndoo juu ya matofali, kila tofali ndani ya sahani ya maji.

Joto sijalishinda, nalivizia tu. Mwezi wa pili niliondoka siku nne, madirisha yamefungwa. Niliporudi nilijua kabla sijavua viatu. Nusu walikuwa wamelala juu, wameyeyuka. Tangu hapo ndoo inakaa mbali na jiko, imevikwa gunia la katani lililoloweshwa, na mchana mkali nalaza juu ya matandiko chupa ya maji yaliyogandishwa iliyozungushiwa kitambaa. Umeme ukikatika, gunia pekee.

Maji meusi yanayochuruzika chini wengine wanayasifu kuwa mbolea. Kwangu mimi ni dalili kwamba ndani kumelowa mno. Nachana boksi jingine nachanganya.

Mboji ya kwanza nilivuna baada ya miezi minne. Unamwaga yote kwenye turubai penye mwanga, unaigawa vichuguu vidogo, unasubiri. Wao wanashuka chini, wewe unakwangua juu, tena na tena, mpaka unabaki na bonge la nyungunyungu watupu. Utaona na vifuko vyao vya mayai, vidogo, vya njano, vimechongoka kama ndimu. Hivyo rudisha ndoo. Mboji yenyewe nyeusi, inanukia udongo baada ya mvua. Konzi moja kwa kila kopo la mrehani inatosha, na mama mkwe, aliyekuwa hataki kula chakula jikoni kwangu, sasa anatuma mtoto na kikopo.

Mjomba wangu mvuvi naye kila akipita anauliza kama wamezidi, apate chambo. Wamezidi. Sijamwambia.