Kwa wasimamizi wapya wa tafiti: "Ingieni Google" si maelekezo

Wiki hii nimepita kwenye vipindi vya wasimamizi wapya hapa Mtwara. Kote nimesikia sentensi ileile: "Tumieni vyanzo vya kuaminika." Mwalimu akishasema hivyo anafunga daftari, anaondoka. Mwanafunzi anabaki na simu, bando la usiku na Sura ya Pili, ile ya mapitio ya maandiko, isiyo na rejea hata moja. Wadogo zangu, nawapenda, lakini jamani!

1. Usigawe orodha ya tovuti ukadhani umefundisha.

Mimi niligawa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wizara, Bodi ya Korosho. Nikawaambia chenye nembo ya serikali beba, kimeshapimwa. Binti mmoja, hodari kweli, alikuwa anaandika kuhusu ongezeko la watu Mtwara. Akachukua sensa ya 1967: mkoa una watu zaidi ya milioni moja. Akachukua ya 1978: 771,818. Kama robo ya watu haipo! Mwanafunzi hodari naye hakosi sababu. Akaleta vita vya ukombozi ng'ambo ya Ruvuma, akaleta operesheni vijiji, akachora na grafu. Kila aya ina rejea, na kila rejea ni ya kweli. Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu "Safi sana", nikaipigia na mstari.

Siku ya kuwasilisha, mtahini wa nje, mzee wa Lindi, alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Mwanangu, hao watu walikwenda wapi?" Binti akajibu bila wasiwasi: wengine Dar es Salaam, wengine Msumbiji. Mzee akasema, "Mimi 1967 nilihesabiwa Mtwara. 1978 nikahesabiwa Lindi. Nyumba ni ileile, hata mlango sijabadilisha."

Ukumbi mzima kicheko. Mkoa wa Lindi ulimegwa kutoka Mtwara mwaka 1971, kwa hiyo sensa zile mbili zilihesabu maeneo tofauti yenye jina moja. Binti hakumtazama mzee, alinitazama mimi. Aliandika upya sura mbili. Mimi sikuandika upya chochote, na mshahara ukaingia kama kawaida. Sikuwahi kumfundisha kuuliza takwimu inahesabu nini, ndani ya mipaka ipi. Sasa kila anayeniletea namba mbili za kulinganisha namwambia aniletee kwanza ramani mbili.

2. Mfundishe kutafuta kwa majina ya zamani.

Dinosaria mkubwa wa Tendaguru, kilima kilichoko Lindi, yule ambaye mifupa yake ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na sasa amesimamishwa Berlin, alipewa jina la Brachiosaurus brancai mwaka 1914. Siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan. Anayetafuta kwa jina jipya tu anakosa maandiko ya miongo mingi. Asiyejua kuwa ni mnyama mmoja anakuletea wawili. Nimeletewa wawili. Mwaka huohuo nikaletewa na mwingine aliyeandika kuwa mifupa iko Makumbusho ya Taifa, kwa sababu "ndiyo inavyopaswa kuwa". Kimoyo nilikubaliana naye. Maksi sikumpa.

3. Akili unde (AI), zile programu za kuandikia, hutunga rejea. Jina la mwandishi linapendeza, jarida linapendeza, kurasa zipo, makala haipo. Usibishane na mwanafunzi. Mwambie akufungulie makala yenyewe mbele yako.

4. Wazee ni chanzo, ila aulize wawili wasiokaa baraza moja. Wa baraza moja walishakubaliana zamani.

5. Kwa tafiti za korosho, aanzie Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mtwara, kabla ya Google. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, umechunguzwa pale kwa miaka mingi, na daladala ya kwenda huko ni rahisi kuliko bando. Aandike barua ya utambulisho mapema, maana nyie wasimamizi ndio mnaochelewa kusaini. Najua, nimeziona mezani kwenu.

Halafu huko vijijini msiwatume na madodoso Oktoba minada ya korosho ikianza. Mkulima yuko ghalani anafuatilia stakabadhi ya korosho zake. Mwanafunzi wenu atarudi na majibu ya watoto na jirani mmoja mpenda maongezi, nanyi mtayasaini.