Supu yangu, karamu yao, bili sawa kwa sawa

*Shangazi, shikamoo. Tuko 11, tulisoma chuo pamoja, na kila mwisho wa mwezi tunakutana mgahawani. Mimi huagiza supu na maji. Wenzangu huagiza sahani mbilimbili na vinywaji juu ya vinywaji. Bili ikija, mmoja mwenye sauti kubwa husema, "Tugawane sawa, tusihangaike." Mwezi uliopita nililipa mara nne ya nilichokula, nikarudi nyumbani kwa miguu. Nikisema, nitaitwa bahili. Nikiacha kwenda, nitawakosa. Mwaka wa pili sasa. Nifanyeje? Mla Supu*

Marahaba, mwanangu.

Wewe si bahili. Umekuwa ukiwafadhili watu 10 bila wao kujua, na hapo kwenye "bila wao kujua" ndipo ninapokulaumu kidogo. Miaka miwili hujafungua mdomo!

Mwaka 2004 watafiti watatu, Uri Gneezy, Ernan Haruvy na Hadas Yafe, walichapisha jaribio walilofanya mgahawani huko Haifa, Israeli. Waliwakalisha watu sitasita. Meza ambazo kila mtu alijilipia, wastani ulikuwa shekeli 37 na ushee kwa kichwa. Meza za kugawana sawa, karibu 51. Waliolipiwa kila kitu walifika 82. Hakuna mwizi hapo. Mtu akijua kwamba sahani ya pili ataichangia kipande tu, mkono humtoka wenyewe. Kwenye meza yenu anayeongeza kinywaji hulipa sehemu 1 kati ya 11, na wewe wa maji unalipa sawa naye.

Kwa hiyo usingoje bili. Saa ile wawili wameshaaga, mmoja anatafuta funguo chini ya kiti, na neno lolote utakalosema litasikika kama unamtuhumu mtu. Sema kabla ya kuagiza, tena mwambie mhudumu, si meza: "Naomba yangu uiandike peke yake." Sema kama unavyoomba chumvi. Mhudumu hatashangaa. Kinachomtoa jasho ni kuombwa bili 11 mwishoni, wakati kila kitu ameshakiandika kwenye karatasi moja na hakumbuki nani aliongeza nini.

Yule mwenye sauti kubwa huenda akakutania. Cheka naye, yaishe. Usianze kueleza habari za mshahara wala kusingizia tumbo, maana ukijieleza umefungua mjadala. Nami namjua mtu huyo, kwa sababu nilikuwa yeye. Nilidhani nawarahisishia wenzangu. Siku rafiki yangu alipomwomba mhudumu amwandikie kando, niliitazama sahani yangu ya pili, nikapiga hesabu kimyakimya, nikaona haya. Kabla vinywaji havijafika, wengine wawili walikuwa wameinua mkono: "Na mimi yangu peke yake."

Kumbuka pia kutazama chini ya menyu. Baadhi ya migahawa huongeza ada ya huduma kwa makundi makubwa, na fungu lako la ada hiyo ni deni lako hata kama ulikula supu tupu. Vilevile sahani ya katikati: ukichovya mara moja, umeingia kwenye mchango. Hapo nawajua watu wa supu. Huonja kila kitu, kisha hukana.