Mama anasema hajambo, soshowaka anaandika hajambo

Safari hii barua karibu zote zinahusu wazee wetu walioko Uingereza, nimechagua tatu. Ninayosema hapa ni ya England, walioko Scotland na Wales mambo yenu yana utaratibu wake, msije mkanilaumu.

Shikamoo shangazi. Mimi niko Leicester, mama yangu ana miaka 81, mtu wa Mombasa, uraia wa hapa anao zamani na anakaa kwangu. Mwaka jana alipata kiharusi kidogo, sasa mkono wa kulia hauna nguvu na ameanza kusahau, juzi kaacha jiko la gesi linawaka akaenda kulala. Mie nafanya shifti za usiku ghalani, mchana nalala masaa matatu. Mwezi uliopita alikuja soshowaka wa kaunsili, yaani ofisa wa ustawi wa jamii wa halmashauri, akakaa nusu saa, halafu ikaja barua kwamba mama hajafikia kiwango cha kusaidiwa. Kaka yangu anasema afadhali, ukiwazoesha hao watamchukua mama na nyumba juu. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Hebu niambie ukweli, siku ile soshowaka anakuja si ulideki nyumba nzima? Si ulimvisha mama leso mpya ukamtia wanja na mahamri yakawekwa mezani? Na alipoulizwa anaendeleaje si akajibu sijambo mwanangu, twamshukuru Mungu?

Najua kwa sababu ndivyo tulivyofanya na sisi. Babangu, Mungu amrehemu, aliamka saa kumi na moja alfajiri akavaa shati jeupe na koti, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango kama anasubiri kwenda harusini. Yule dada wa kaunsili alipoingia mzee akasimama, sijui alizitoa wapi nguvu, akampa mkono. Akaulizwa je unaweza kuvaa mwenyewe, akasema naweza, na mie ndo nilikuwa mkalimani nikatafsiri anaweza, sikusema kwamba vifungo vya lile shati vilichukua dakika arobaini na vitatu vya chini nilivifunga mimi. Akaulizwa habari za choo. Mzee akaniangalia mimi binti yake, akamwangalia yule dada, akasema hamna tabu. Usiku ule ule nilibadilisha mashuka mara mbili.

Kwetu ukiulizwa hujambo unajibu sijambo hata kama unaletwa kwa machela, ndo adabu, ugonjwa unakuja baadaye mtu akirudia kuuliza. Yule dada hakurudia, aliandika alichoambiwa, na kwakweli simlaumu sana.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Sheria yenyewe ya kuhudumia watu wasiojiweza ni Care Act ya 2014. Kuna mambo kumi wanayoangalia, kula, kuoga, choo, kuvaa, kuwa salama ndani ya nyumba, usafi wa nyumba, kuonana na watu na kadhalika, na mtu akishindwa mawili tu kwa sababu ya maradhi au ulemavu, na hali hiyo ikawa inamuumiza kweli kwenye maisha yake, basi kaunsili ina wajibu. Lakini neno "kushindwa" kwenye hizo kanuni si mpaka ashindwe kabisa, ukifanya kwa maumivu makali umehesabiwa umeshindwa, ukifanya kwa kuhatarisha maisha yako umeshindwa, ukitumia muda mrefu kupita kawaida umeshindwa. Zile dakika arobaini za vifungo vya babangu zilikuwa ni kushindwa, na ile gesi ya mama yako ndo hiyo hiyo.

Kwahiyo piga simu kaunsili, idara ya huduma za watu wazima, sema hukubaliani na yale majibu na unataka asesimenti, yaani ile tathmini ya mahitaji ya mama, irudiwe kwa sababu kuna mambo hayakusemwa. Omba mkalimani wa Kiswahili, wewe usitafsiri. Mama hawezi kusema habari za haja ndogo kupitia mdomo wa mwanawe na wewe utapunguza makali bila kujijua, nakwambia. Wiki moja kabla andika kwenye daftari kila kitu, saa nane usiku kaamka anatafuta mlango wa kutokea, saa nne asubuhi kamwaga chai ya moto mkononi. Simulia siku mbaya. Na nyumba usideki, wallahi iache ilivyo.

Halafu kuna na wewe. Kwa lugha yao wewe unaitwa keara, ijapokuwa kwetu wewe ni mtoto tu anayemuangalia mamake, na keara ana asesimenti yake mwenyewe hata mama akikataa ya kwake. Huko ndo useme masaa matatu ya usingizi. Wanaweza kutoa mtu wa kukaa na mama ili upumzike, au siku za mama kwenda kituo cha wazee mchana, au wakatoa pesa mkononi mkapanga wenyewe. Na kazini tangu Aprili 2024 una haki ya wiki moja kwa mwaka ya kumhudumia mgonjwa wako, tangu siku ya kwanza ya ajira, ila haina malipo.

Haya, kaka yako. Mwambie nyumba ni yako si ya mama, hawaihesabu, na mshahara wako pia hawauhesabu, wanaangalia vya mama peke yake. Mtu mwenye akiba zaidi ya pauni 23,250 anajilipia huduma, na chini ya 14,250 akiba haiguswi kabisa, wanaangalia kipato tu. Hata mzee mwenye nyumba yake, akihudumiwa humo humo ndani haihesabiwi, inaweza kuingia kwenye hesabu akihamia moja kwa moja nyumba ya wazee. Na kumchukua mama hivi hivi kwa vile tu uliomba msaada, hakuna kitu kama hicho. Kaka mwenyewe ajitolee kulala kwa mama Ijumaa moja, tutaongea vizuri baada ya hapo.

Mwisho, mama aombe Attendance Allowance, posho ya mzee anayehitaji kuangaliwa. Hii haitoki kaunsili, inatoka serikali kuu, na hawaulizi una akiba kiasi gani. Mwaka wa 2025/26 ilikuwa pauni 73.90 kwa wiki kama anahitaji msaada mchana au usiku, na 110.40 kama ni vyote viwili. Ombeni fomu kwa simu na muirudishe ndani ya wiki sita, pesa itahesabiwa tangu siku mliyopiga. Wewe Carer's Allowance, posho ya anayemhudumia mgonjwa, nadhani hutaipata, kuna kikomo cha mshahara kwa wiki baada ya makato, mwaka wa 2025/26 kilikuwa pauni 196, na ukikizidisha inakatwa yote, hata ukizidisha moja. Huo ndo utaratibu ninaouona wa ovyo kuliko yote.

Shangazi, mama mkwe amekuja kwa viza ya familia, mke wangu ndo mdhamini. Anaumwa miguu hawezi ngazi. Tunaogopa tukiita kaunsili tutaharibu viza yake.

Mkwe wangu pole. Attendance Allowance msiguse kwanza mpaka mshauri wa uhamiaji awaambie, hiyo imo kwenye orodha ya pesa za umma na kwa viza nyingi imekatazwa. Lakini huduma ya kaunsili kwa mzee asiyejiweza haimo kwenye orodha ile, na vifaa vidogo kama vyuma vya kushikia ukutani, visivyozidi pauni 1,000, wakiona anavihitaji wanafunga bure. Ila kabla hamjanyanyua simu muoneni mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, na si yule jamaa anayewajazia watu fomu msikitini.

Shikamoo. Baba yetu analetewa wahudumu mara nne kwa siku, kwenye karatasi ni nusu saa ila wanakaa dakika kumi, chakula wanamwekea na kuondoka, tukirudi jioni tunakikuta kimepoa vile vile. Tukisema wataacha kuja?

Marahaba. Semeni. Wale wahudumu wengi ni sisi sisi, Wakenya, Watanzania, Wazimbabwe, wanakimbizana na basi kutoka nyumba hadi nyumba na wengine ile njia hawalipwi, kwahiyo msimgombeze binti wa watu mlangoni. Anayetakiwa kujibu ni kampuni, na juu yake kaunsili maana ndo iliyoagiza nusu saa. Mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya afya na huduma, wa tangu 2015 unasema ziara zisiwe chini ya nusu saa isipokuwa kwa kazi ndogo maalum, tena na mhudumu anayejulikana na mzee, na kumlisha mtu mwenye mikono inayotetemeka si kazi ndogo. Andikeni malalamiko, wakinyamaza kuna Local Government and Social Care Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko juu ya kaunsili na watoa huduma, na hawatozi hata senti. Anzeni leo kuandika saa ya kuingia na ya kutoka, kila ziara, na daftari likae mezani pembeni ya chupa ya chai walione wakiingia.