Kipimo cha kamera ya tumbo: halazwi

Dada, umeuliza kama mama atalazwa hospitali akipimwa tumbo kwa kamera: halazwi. Akishaingizwa mdomoni ule mpira wenye kamera anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Shangazi yangu nilimtoa Kongwa nikamleta hapa Dodoma mjini: hakula tangu usiku, akapuliziwa ganzi kooni, akalazwa ubavu wa kushoto, na chai yangu haijapoa ameshatoka. Alizuiwa kunywa hata maji mpaka ganzi iishe, asije akapaliwa.

Kipimo cha utumbo mpana, mpira unapopitia njia ya haja kubwa, ndicho chenye shughuli, na shughuli yenyewe ni siku moja kabla: dawa ya kuharisha na maji mengi mpaka kinachotoka kifanane na mkojo. Usiku huo asikae mbali na choo, sitanii. Kivimbe kidogo kikionekana mara nyingi hukatwa hapo hapo kwa kitanzi cha waya. Marekani wengi hufanyiwa kwenye vituo visivyolaza kabisa, na tangu 2021 wanashauriwa kuanza kupimwa saratani ya utumbo mpana wakiwa na miaka 45, siyo 50.

Ila akichomwa sindano ya usingizi asipande bodaboda peke yake. Na kama anatumia dawa za sukari au za kuzuia damu kuganda, amwambie daktari siku ya kupangiwa, siyo akiwa ameshapanda kitandani.